Ganda la Zamani la Ufunguo

Mtaani walimwita Mwenyewe, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Bomba likivuja, "nitatengeneza mwenyewe." Pasi ikikatika waya, "niachieni, mwenyewe nipo." Alikuwa karani wa idara ya maji kwa miaka thelathini na mmoja. Huko aliwaona mafundi wengi wakifanya kazi, akastaafu akiamini kwamba kuona ndiko kujua. Matokeo yake nyumba ile ilikuwa na mambo yake. Bomba la bafuni lilifungwa kwa kuzungushwa kinyume. Pasi ilibidi ishikwe waya kwa mkono wa kushoto, la sivyo ilipoa. Mlango wa jikoni uliokuwa ukilia kila ukifunguliwa uliacha kulia, ni kweli, kwa sababu haukufungika tena.

Mkewe walimwita Mama Vifungo. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ikikaa sebuleni kando ya dirisha, na jina lake lilitokana na tabia moja tu: hakutupa nguo kabla ya kuitoa vifungo. Shati lichakae mpaka liwe la kupigia deki, kwanza alikaa nalo, akafumua kifungo kimoja kimoja kwa kisu chake kidogo cha kufumulia, akatoa zipu na kulabu, ndipo akaliachia ndoo. Vyote viliingia kwenye kopo la bati lililowahi kuwa la biskuti. Alifundishwa hivyo na mama yake, mshonaji pia, ambaye alizoea kumwambia, "Usiitupe nguo na macho yake."

Mama huyo sasa alikuwa anakufa.

Alikuwa akiishi kwa mwanawe wa kiume, mdogo wake Mama Vifungo, katika mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa gari. Mama Vifungo hakuwa amemwona kwa miezi minane. Si kwamba hakutaka. Mara ya kwanza safari iliahirishwa kwa sababu Mwenyewe alikuwa amefungua redieta kuisafisha, na alipoirudisha ikabaki bolti moja mkononi isiyojulikana ilikotoka. Mara ya pili zilikuwa breki. Mara ya tatu alitoa viti vyote nje akaviosha, na viti vikagoma kukauka. Mkewe aliposema atapanda basi, Mwenyewe alichukia kweli kweli. "Upande basi na gari lipo uani? Watu watanionaje?" Basi miezi ikapita kwa sababu ya watu hao, ambao Mama Vifungo hakuwahi kuonyeshwa hata mmoja wao.

Ijumaa mchana simu ikalia.

"Dada," mdogo wake akasema, "mama hali chakula tangu juzi. Akili yake iko timamu kabisa, lakini mwili umekwisha. Anakuulizia wewe tu. Daktari anasema tuhesabu siku, wiki tusahau. Njoo."

"Kesho alfajiri tunatoka. Mwambie. Mwambie nakuja."

Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na tumpe haki yake, hakusita. "Twende, mke wangu," akasema. "Saa kumi na moja na nusu gari liwe barabarani. Saa tano utakuwa umekaa kitandani kwa mama yako." Alikwenda kupima oili, akajaza upepo, akaosha vioo. Mama Vifungo alirudi kwenye cherehani kumalizia gauni la mama yake, gauni la pamba nyepesi lenye vifungo mbele kutoka shingoni hadi chini, ili mgonjwa avalishwe bila kunyanyua mikono. Alibakiza vifungo vinne. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi alijisikia mwepesi, na alimshukuru mumewe kimoyomoyo.

Kisha Mwenyewe akaingia na ufunguo mkononi.

"Ila kwanza tumalizane na hili."

Ufunguo ulikuwa umechoka, hilo halina ubishi. Raba ya vitufe ilikuwa imetoboka kwa miaka tisa ya kidole gumba kimoja, ganda lilikuwa na ufa uliofungwa kwa selotepu, na ili mlango ufunguke kwa rimoti ilibidi achokonoe tundu kwa njiti ya kiberiti. Wiki mbili kabla alikuwa amenunua ganda jipya, jeusi, linalong'aa, likawa linangoja juu ya friji.

"Mzee, tukirudi," mkewe akasema. "Si mlango unafunguka hata ukiuchomeka ufunguo?"

"Tufike katikati ya safari, hili lipasuke, bodi ya rimoti idondoke barabarani, ndipo useme laiti tungejua? Majuto ni mjukuu. Nusu saa tu. Video nimeiangalia mwanzo mpaka mwisho, mara mbili."

Akasogeza gauni pembeni, akatandaza gazeti kwenye meza ya kukatia nguo, akavaa miwani. Akafungua skrubu moja ndogo, akapenyeza ncha ya kisu kwenye mshono wa ganda la zamani, likaachia. Akainua bodi ya kijani kwa ncha za vidole. Akatoa betri bapa, akaipangusa kwa shati, akaipachika kwenye ganda jipya pamoja na bodi yake. Ulimi wa chuma wa ufunguo ulikuwa umeshikwa na pini; akaigonga pini ikatoka, akahamisha ulimi, akairudisha pini. Hakuvunja kitu, hakupoteza kitu, hata kutukana hakutukana. Akafunga ganda jipya, akaenda dirishani, akabonyeza. Nje gari likalia na taa zake zikamulika mara mbili.

"Eeh?" akageuka, uso umemjaa furaha.

"Hongera, mzee," Mama Vifungo akasema, na alikuwa anamaanisha. Baadaye, katika yote, hilo ndilo lililomkera zaidi: kwamba alimpongeza.

"Hili tupa." Mwenyewe akamrushia ganda la zamani mapajani.

Angekuwa mwanamke mwingine, lingekwenda kwenye ndoo. Lakini mkono uliofundishwa miaka arobaini hauulizi ruhusa, na vidole vyake vikaanza kulipapasa ganda lile kama vinavyopapasa shati la kutupwa. Pembeni, kwenye kijumba kilichochongwa kikamilifu, kulikuwa na kidude cheusi kidogo, kinakaribia ukubwa wa punje ya mchele. Akakichokoa kwa kisu cha kufumulia, kikamwangukia kiganjani.

"Mzee, na hiki?"

Mwenyewe alitazama juu ya miwani. "Hicho ni plastiki ya kujazia tu."

"Mbona kilikuwa kimetengenezewa mahali pake?"

"Kujazia nafasi, ndiyo maana yake."

"Kwenye ganda jipya pia kuna kijumba kama hiki. Nimekiona. Kiko kitupu."

"Mama Vifungo," akasema, sauti ikipanda ngazi moja, "wewe unajua vifungo, mimi najua magari. Kila kitu kiko kwenye bodi, kwenye video jamaa kahamisha bodi tu na gari likawaka. Tupa hicho, tukapange mizigo."

Mama Vifungo akainuka. Lakini kutupa hakutupa. Alikidondosha kwenye kopo la vifungo, ganda tupu likaenda kwenye ndoo ya taka.

Alfajiri waliweka mizigo, chupa ya chai na gauni lililokunjwa vizuri. Mama Vifungo alipanda mbele na kopo lake mapajani, maana vile vifungo vinne alikusudia kuvishona njiani. Milango ilifunguka kwa kubonyeza mara moja tu. Mwenyewe alikaa, akakohoa kidogo, akawasha.

Injini ilizunguka, ikazunguka, haikushika. Kwenye dashibodi kulikuwa na kijitaa chekundu chenye umbo la ufunguo, kinawaka na kuzima.

"Lina baridi," Mwenyewe akasema.

Akawasha tena. Likazunguka tena, kavu. Akashuka, akafungua boneti. "Dakika tano."

Basi la kwanza lilipita barabara kuu saa kumi na mbili kamili, na honi yake ilisikika hadi uani. Mama Vifungo akafungua mlango. "Mzee, basi hilo linapita. Nikimbie?"

"Ukimbie uende wapi? Linawaka sasa hivi. Unanivunja moyo, ujue."

Basi Mama Vifungo hakutaka kumvunja moyo. Akafunga mlango, na basi likaenda.

Sasa dakika tano za Mwenyewe zinajulikana mtaa mzima. Alitoa plagi akazisugua. Alikaza nyaya za betri. Alimwamsha jirani, wakasukuma gari mpaka getini na kulirudisha uani. Jua likatoka. Saa mbili mdogo wake Mama Vifungo alipiga simu.

"Dada, mmefika wapi? Mama anauliza."

Aibu ni kitu kibaya. Angesema ukweli, pengine mdogo wake angemtafutia mtu, angemfokea apande basi, angefanya lolote. Lakini ulimi ulimwendea upande. "Tuko... tunatoka tu sasa hivi. Mwambie niko njiani."

"Nimwambie uko njiani?"

"Mwambie."

Akakaa. Akatunga uzi kwenye sindano, akashona kifungo cha kwanza, cha pili. Alipofungua kopo kutafuta cha tatu, kile kidude cheusi kikajitokeza kati ya vifungo vyeupe.

"Mzee, kile kidude cha jana. Kilichokuwa kwenye ganda. Isije ikawa..."

"Usinichanganye!" Mwenyewe alitoa kichwa nje ya boneti, oili usoni. "Ganda ni ganda, injini ni injini. Ufunguo ungekuwa na kasoro, milango ingefunguka? Imefunguka au haikufunguka?"

"Imefunguka."

"Basi!"

Maneno yale yalikuwa na akili, na aliyeyasema alikuwa na sauti kubwa, na miaka thelathini ya ndoa ilikuwa imemfundisha Mama Vifungo kwamba kubishana na Mwenyewe akiwa na spana mkononi ni kutwanga maji kwenye kinu. Akafunika kopo. Hivyo ndivyo alivyofanya, na mpaka leo hajajisamehe. Alikuwa na jambo sahihi mdomoni, akalimeza ili nyumba itulie.

Saa saba mchana alishuka garini, akachukua mfuko wenye gauni, akaenda kituoni kwa miguu. Mwenyewe hakumzuia safari hii. "Nenda," akasema kutoka chini ya boneti, "nitakukuta njiani." Na hakuwa anatania, hilo ndilo la kusikitisha.

Basi la pili liliondoka saa nane. Saa kumi na robo, likiwa halijafika hata nusu ya njia, simu ikalia. Alikuwa mdogo wake. Nyuma yake Mama Vifungo alisikia wanawake wakilia, akakata simu, akaliweka gauni usoni ili abiria wenzake wasimwone.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Mwenyewe alifika asubuhi, kwa basi, amevaa koti, na akawa mfiwa wa mfano. Alibeba viti, aliwapokea wageni, na kila aliyeuliza kwa nini binti mkubwa alichelewa alimpa jibu lile lile. "Gari lilitugomea ghafla. Zima kabisa. Ndugu yangu, ukiona hivyo ujue ni mipango ya Mungu." Watu wakamshika mkono. Wengine wakampa pole ya gari. Mama Vifungo alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka hapo, akasikia mumewe akipewa pole na kuipokea.

Jioni mdogo wake alimvuta pembeni. "Dada, sitaki kukuumiza, lakini bora uyasikie kwangu. Aliuliza mara tatu. 'Amefika wapi?' Nikamwambia yuko njiani. Akalala kidogo, akaamka, 'Amefika wapi?' Nikamwambia yuko njiani, mama. Mara ya tatu hakungoja jibu."

Maneno hayo Mama Vifungo alirudi nayo nyumbani. Usiku alilala nayo na mchana aliyashonea nguo za watu. Hakutaka fidia, hakutaka mumewe agaegae chini. Mama yake alikuwa na miaka themanini na mmoja, angekufa siku moja, hakuna asiyejua hilo. Alitaka neno moja tu: nilikosea. Aliona akilisikia hilo, kitu fulani kifuani kingelegea na angeweza kulia kama watu wanavyolia. Alingoja siku ya kwanza na ya pili. Mwenyewe alizungumzia pampu ya mafuta. Akazungumzia mafuta yenyewe, siku hizi wanachanganya na maji. Siku ya saba alikuwa ameanza kuzungumzia kijicho cha jirani.

Siku ya tisa Mama Vifungo alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa fundi wa funguo. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyekaa kwenye kibanda chembamba karibu na soko, kuta zote zimening'inizwa funguo. Alisikiliza, akauliza swali moja tu.

"Ukiwasha, kuna kijitaa chenye picha ya ufunguo kinamulika?"

"Kipo."

"Basi injini yenu haina kosa. Naja na wewe."

Mwenyewe aliwapokea uani, mikono kiunoni. Hakupenda. "Nani kakwambia uite fundi? Nilikuwa nimebakiza kitu kidogo tu."

"Shikamoo, mzee," fundi akasema kwa adabu, akanyoosha mkono. "Nione ufunguo."

Akaufungua kwa ukucha, akautazama ndani, akausogeza machoni, akautikisa. "Chipu iko wapi?"

"Chipu gani? Bodi hiyo hapo."

"Bodi ni ya milango, mzee. Kuna kidude kingine, cheusi, hakina waya wala betri, hukaa kwenye ganda hapa pembeni. Ukiwasha, gari linakitafuta. Lisipokiona linajua aliyeshika ufunguo ni mwizi, linakata mafuta. Milango itakufungulia, taa zitawaka, lakini kuondoka, thubutu! Hutaondoka hata upige stata mpaka kiama. Nyie si wa kwanza. Watu wanabadilisha ganda nyumbani, la zamani wanalitupa na roho ya gari iko ndani."

Jirani yule aliyesaidia kusukuma alikuwa ameegemea ukuta wake, na sasa aliacha kujifanya anapalilia.

"Kwenye video," Mwenyewe akasema taratibu, "jamaa alihamisha bodi tu."

"Kuna magari chipu iko humo humo kwenye bodi. Kila gari na lake, mzee. Hilo ganda la zamani liko wapi?"

Mama Vifungo alimtazama mumewe. Hapa ndipo, aliwaza. Mlango wa kukiri umefunguka, hana hata haja ya kuusukuma. Sema sasa.

Mwenyewe alijikuna shingo. Hakumtazama mkewe. "Ganda alitupa huyu," akasema. "Mke wangu naye ana haraka ya kutupa vitu."

Mama Vifungo alidhani hakusikia vizuri. Mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita kwa sababu ya vifungo vya mashati yaliyokufa! Aliingia ndani, akatoka na kopo la bati, akalimimina lote juu ya boneti. Vifungo vikatawanyika, vyeupe, vya bluu, vya mifupa, vya koti la harusi la mtu fulani. Akapapasa katikati yake, akakiokota kidude cheusi, akamwekea fundi kiganjani.

"Ndiyo hii!" fundi akasema. "Mama, ulikuwa umeiweka wapi?"

"Humo. Tangu Ijumaa ile. Na Jumamosi asubuhi nilikuwa nacho garini. Nimekaa kiti cha mbele, kopo mapajani."

Fundi, ambaye hakujua habari ya msiba, alicheka kwa mshangao. "Jamani! Kumbe mngekishika tu kwa vidole karibu na swichi, mzee akawasha, lingewaka pale pale!"

Hakuna aliyecheka naye. Mama Vifungo alipima kwa macho, kutoka kiti alichokalia hadi swichi. Shibiri tatu. Mama yake alikuwa umbali wa shibiri tatu.

Fundi alipachika kidude kwenye kijumba chake, akafunga, akampa Mwenyewe. Mwenyewe akaingia garini, akawasha. Injini ilishika mara moja, kwa utulivu. Kijitaa chekundu kikazimika.

Na Mwenyewe akafurahi. Hilo alilifanya, mbele ya watu wote hao. Alipiga usukani kwa kiganja, akacheka. "Si nilisema! Si nilisema kazi yangu haina kasoro? Ganda safi, bodi safi, betri safi! Ni kidude tu hicho!" Akafungua mlango wa upande wa pili. "Panda, Mama Vifungo, tuzunguke kidogo tulijaribu."

Mama Vifungo hakupanda. Alizunguka hadi dirisha lake, akaingiza mkono, akazima gari, akachomoa ufunguo. Akachukua kisu cha kufumulia kutoka mfuko wa gauni lake na kupenyeza ncha kwenye mshono, kama alivyomwona mumewe akifanya, na ganda likaachia. Akakichokoa kidude. Bodi na ganda akamwekea juu ya dashibodi.

"Unafanya nini?"

"Mama aliuliza mara tatu nimefika wapi," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Nilikuwa hapa uani. Nilikuonyesha Ijumaa ukanifokea, nikakukumbusha Jumamosi ukanifokea. Kifo sikudai, kifo ni cha Mungu. Nadai neno moja, na unalijua."

Mwenyewe aliangalia ukutani kwa jirani, akaangalia kwa fundi. Akainamisha kichwa na kunong'ona, "Mbele za watu?"

"Mbele za watu ulipokea pole ya gari."

"Tutaongea ndani. Nipe hicho kitu, tusichekwe."

"Kitu gani? Hii si plastiki ya kujazia?" Akakidondosha kwenye kopo, akaanza kukusanya vifungo kutoka kwenye boneti, kimoja kimoja, bila haraka.

Fundi alikuwa ameshaelewa kiasi cha kutosha. Alikunja kitambaa cha zana zake. Mwenyewe akamgeukia, "Wewe huwezi kutengeneza nyingine?"

"Naweza, mzee," akasema. "Lakini ya gari hili siitengenezi."

Gari bado liko uani. Mwenyewe hutembea kwa miguu, na akiulizwa husema daktari kamshauri mazoezi. Asubuhi nyingine hutoka na ufunguo wake mpya, hubonyeza, gari hulia na taa humulika mara mbili, naye hukaa ndani kidogo mikono ikiwa kwenye usukani. Kopo liko kando ya cherehani, mahali pake pa siku zote. Mfuniko hauna kufuli. Mwenyewe hupita hapo mara ishirini kwa siku, na kile kidude anakifahamu vizuri sasa, angeweza kukichukua mchana kweupe na hakuna ambaye angemzuia. Hajakigusa. Anajua kwamba mkono ukiingia humo, ni lazima mdomo ufunguke.

Mama Vifungo huenda kaburini kwa basi la saa kumi na mbili, mara moja kwa mwezi, na mdogo wake humpokea kituoni. Gauni la vifungo vingi liko kabatini, hajapata moyo wa kumpa mtu. Mwezi uliopita mdogo wake alimuuliza, wakiwa wanatembea, "Na shemeji je? Ameshalisema neno lile?"

"Bado," akasema Mama Vifungo. "Yuko njiani."